Sonona inayokuja na kukoma kwa hedhi: Fahamu dalili, chanzo na pa kwenda

Shangazi yangu alikuwa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Jua likitoka tayari yuko soko la samaki Bagamoyo, amesimama mnadani anagombea ndoo ya vibua na wanaume. Saa nne asubuhi anakaanga. Miaka na miaka maisha yake yalikuwa hayo.

Alipofika miaka 48 akaanza kuchelewa sokoni. Mara akakosa siku mbili, mara wiki. Mwisho karai lake la kukaangia likageuzwa kifudifudi uani, likaanza kushika kutu. Ukimuuliza anaumwa nini, anajibu: "Siumwi, mwanangu. Nimechoka tu."

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani alisema kapigwa jicho na wenzake wa sokoni. Bibi alisema jini. Mumewe alisema mke wake siku hizi ana dharau. Mimi, nikiwa chuoni nasomea uandishi wa habari na kujiona nimeelimika, nilisema ni stresi za biashara.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kuhusu hedhi yake. Kumbe ilikuwa inaruka miezi tangu mwaka uliotangulia.

Kama una mama, shangazi, dada mkubwa au mke mwenye umri wa kuanzia miaka 40 hivi, au kama ni wewe mwenyewe, makala haya yanakuhusu.

Kukoma hedhi ni nini hasa?

Pwani tunasema "kakata damu", "haendi tena mwezini" au "kafunga". Hospitali wanasema ukomo wa hedhi. Mwanamke anahesabika amefika hapo akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hakuna sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa za uzazi wa mpango. Kwa wengi inatokea kati ya miaka 45 na 55. Ikitokea kabla ya 40 hiyo ni mapema mno, inatakiwa uchunguzi wa daktari.

Lakini shida kubwa haipo kwenye siku hiyo ya mwisho. Ipo kwenye safari ya kuelekea huko. Kwa kawaida safari hiyo inachukua kama miaka minne, ingawa kwa wengine ni miezi tu na kwa wengine inazidi miaka minane. Hedhi inakuja baada ya siku 20, kisha inapotea miezi miwili, kisha inarudi kwa kishindo na mabonge ya damu. Mwili unawaka ghafla kuanzia kifuani kwenda usoni. Usiku shuka linalowa jasho.

Kwa joto la huku kwetu, hasa Januari na Februari wakati wa kaskazi, mwanamke anaweza kukaa mwaka mzima akidhani ni hali ya hewa tu. Feni inasingiziwa haina nguvu.

Ni katika kipindi hiki, kabla hedhi haijakoma kabisa, ndipo sonona hujitokeza zaidi.

Inatoka wapi?

Watu wengi wanadhani homoni inapungua taratibu kama mafuta ya taa kwenye koroboi, ikiisha basi. Haiko hivyo. Katika miaka hii homoni ya estrojeni inapanda na kushuka bila mpangilio. Wiki hii iko juu kuliko alivyokuwa binti, wiki ijayo imeanguka chini kabisa.

Estrojeni haifanyi kazi kwenye kizazi peke yake. Inagusa pia kemikali za ubongo zinazosimamia hisia na usingizi, mojawapo ni serotonini. Ile homoni nyingine, projesteroni, ikivunjwa mwilini inatoa kemikali inayotuliza ubongo. Zote mbili zikiyumba, hali ya moyo nayo inayumba. Si kila mwanamke anaathirika kiasi kimoja. Wapo ambao ubongo wao haujali sana mabadiliko haya, na wapo ambao kila mtikisiko wanausikia.

Halafu weka usingizi. Mtu anayeamshwa na jasho mara tatu kwa usiku, na saa kumi na moja anatakiwa kuwa kituoni kuwahi daladala ya Makumbusho, baada ya miezi sita hawezi kuwa mtu yuleyule.

Tafiti zinakubaliana kwa kiasi kikubwa. Nchini Marekani, utafiti unaojulikana kama SWAN uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990 ulionyesha kuwa uwezekano wa kupata sonona kamili katika kipindi hiki na mara tu baada yake ni mara mbili hadi nne ukilinganisha na kabla. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, walikusanya tafiti saba zenye wanawake 9,141 na kukuta wale walio kwenye kipindi cha mpito wana hatari zaidi kwa takriban asilimia 40 kuliko ambao hawajakianza. Jambo la kutia moyo ni kwamba kwa wale waliokwishavuka, hatari haikuonekana kuwa kubwa kuliko ya wale ambao hawajaanza. Yaani kwa wengi kuna upande wa pili wa mto.

Tafiti hizo saba zilitoka Australia, Marekani, China, Uholanzi na Uswisi. Afrika hakuna hata moja. Lakini usidanganywe kwamba haya ni mambo ya Wazungu: mwaka 1991 jarida la kitabibu la Maturitas lilichapisha utafiti wa dalili za kipindi hiki katika jamii moja ya Tanzania. Tumejua siku nyingi, hatukuongea tu.

Huzuni ya kawaida na sonona, utatofautishaje?

Kila mtu anahuzunika. Samaki wameoza kwa kukosa barafu, mtoto kafeli, kikoba kimevunjika, utalia. Kesho utacheka na shoga yako. Hiyo si sonona.

Sonona inakaa. Kipimo wanachotumia madaktari ni wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu ana huzuni au amekosa kabisa hamu ya vitu alivyokuwa anavipenda, na juu ya hapo ana mambo mengine kadhaa: usingizi umeharibika, hamu ya kula imepotea au imezidi, uchovu usioisha, kujiona hana thamani au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kutuliza akili, kuwa mzito au kuhangaika mpaka watu wanaona, na mawazo ya kufa. Yakifika matano kwa jumla, yakiwa yameanza kuvuruga kazi na nyumba, huyo anahitaji matibabu.

Kuna dodoso la maswali tisa linaloitwa PHQ-9, limetafsiriwa kwa Kiswahili. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifikisha 10 na kuendelea unatakiwa kuonana na mtaalamu. Halikupi jibu la mwisho, ila linampa daktari pa kuanzia.

Sasa hapa kuna ishu. Mwanamke wa Pwani haingii hospitali akasema "nina sonona". Anasema kichwa kinamuuma utosini. Anasema moyo unaenda mbio. Mgongo, kiuno, mwili kuchomachoma, kama kuna kitu kinatembea. Akibanwa sana anasema "nawaza sana". Anaondoka na paracetamol na kipimo cha malaria.

Wataalamu wetu waliliona hili. Mwaka 2008 Profesa Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walichapisha kazi kuhusu dodoso la vipengele 19 la kutambua sonona, lililotengenezwa kwa mazingira ya Dar es Salaam badala ya kutafsiri tu la kigeni. Wazo lenyewe ni la maana sana kwangu: msikilize mtu kwa maneno yake. Ukisubiri mama wa Kaole atumie neno "sonona", utasubiri mpaka aje kuzikwa.

Dalili nyingine ambayo watu hawaihesabu ni hasira. Wengi katika umri huu hawalii, wanafoka. Mtoto kadondosha kikombe, yanaanguliwa mambo ya mwaka 2009. Baadaye anajifungia chumbani anajuta, na majuto yale yanamzamisha zaidi.

Tunafundwa kuanza, nani anatufunda kumaliza?

Kwa Wazaramo, Wakwere na Wadoe, msichana akivunja ungo kuna mambo yake. Anawekwa ndani, anapewa somo, anafundwa usafi, heshima, jinsi ya kujistiri. Akikaribia kuolewa kungwi anarudi tena, anamaliza kazi. Siku hizi kitchen party imeongezewa na MC, lakini msingi ni uleule: mwanamke hapelekwi kwenye hatua mpya bila kuambiwa.

Isipokuwa hii. Hedhi inayoanza ina ngoma, inayokoma haina hata kikao cha wanawake watatu barazani. Nimeuliza kina mama kadhaa kuanzia Mapinga hadi Dunda, na jibu linalorudi ni kwamba mama zao hawakuwaambia kitu. Waliona tu mama kabadilika, kawa mkali, anajimwagia maji usiku, na wakakua wakijua hiyo ndiyo tabia ya mama.

Makungwi na masomo wengi wenyewe ni wanawake waliokwishavuka. Wanajua kila kitu. Na wanaaminiwa kuliko nesi yeyote, mimi nikiwemo kati ya wanaowaamini.

Na kimya hiki kina gharama. Nenda Mlingotini wanakolima mwani. Kazi ile inafuata bamvua: maji yakitoka lazima uingie, usimame saa kadhaa umeinama, kiuno ndani ya chumvi. Mwanamke ambaye damu inamjia bila taarifa, nyingi, kwenye maji, mbele ya wenzake, atafanya nini? Ataanza kukosa bamvua moja, kisha la pili. Wenzake watasema mvivu. Kipato kitakatika. Hapo sonona inapata sababu ya pili na ya tatu ya kukaa.

"Ana jini huyo"

Siandiki hapa kumcheka mtu. Nimekulia kwenye nyumba ambayo kombe lilikuwa linanywewa na hirizi zilikuwepo. Kwa watu wengi wa ukanda huu, kuanzia Bunju hadi Saadani, mtu akijitenga, akikosa usingizi, mwili ukawaka na moyo ukaenda mbio, maelezo ya kwanza yanayokuja ni jini au mkono wa mtu.

Na ukweli ni kwamba kisomo kinatuliza. Mtu anakaliwa, anasomewa, anashikwa mkono, familia nzima inakusanyika kwa ajili yake. Mwanamke aliyekuwa hasikilizwi anasikilizwa. Hilo lina faida yake.

Tatizo linakuja pale ambapo fedha za mtaji zinaishia kwa mganga, au anapoambiwa aliyemroga ni dada yake na undugu unakufa, au anapewa dawa za kunywa ambazo hakuna anayejua ndani mna nini. Na tatizo kubwa zaidi ni muda. Miezi minane inapita wakati ugonjwa unazidi.

Hakuna anayekulazimisha kuchagua. Shehe au mchungaji akiomba dua na daktari akaandika dawa, haviingiliani. Ila hospitali usiiweke mwisho.

Kwa Waislamu kuna jambo lingine ambalo sijaliona likiandikwa, na linawaumiza wengi kimya kimya. Damu ikija hovyo, mwanamke hajui kama ni hedhi aache swala na funga, au ni istihadha aendelee. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa sana Pwani, hedhi haizidi siku 15. Damu ya istihadha haimzuii mtu kuswali wala kufunga, anatawadha kwa kila swala ya faradhi. Lakini kupanga ipi ni ipi kwenye mzunguko uliovurugika si rahisi. Mtu mcha Mungu anaweza kuingia Ramadhani nzima na hofu kwamba ibada yake haipokelewi. Hofu hiyo ukiiongeza juu ya sonona ni mzigo mzito. Muulize mwalimu wa kike wa madrasa unayemwamini, wapo, na uende na tarehe zako zimeandikwa.

Tarehe hizohizo ndizo daktari atakazokuuliza. Kalenda ya simu inatosha: weka alama siku damu inapoanza na inapoisha, na neno moja kuhusu usingizi na moyo ulivyo siku hiyo. Baada ya miezi mitatu una ushahidi mkononi.

Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Aliyewahi kuugua sonona huko nyuma ndiye wa kwanza kuangaliwa, hasa aliyeugua baada ya kujifungua. Anayefuata ni yule ambaye kila mwezi kabla ya hedhi hali yake ilikuwa inavurugika vibaya. Ubongo wao unaonekana kuwa mwepesi kuguswa na homoni. Wanawake walioondolewa mifuko ya mayai kwa upasuaji nao wako hapa, maana kwao homoni haiyumbi, inakatika siku moja.

Ila hata ambaye hajawahi kuugua hayuko salama kabisa. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2006 uliwachukua wanawake wasio na historia yoyote ya sonona, na bado walioingia kipindi cha mpito walikuwa na hatari kama mara mbili ya wenzao.

Halafu kuna maisha. Umri huu ndio ambao wazazi wanazeeka na kuuguzwa, watoto wanaondoka au wanarudi na wajukuu, na mume, tuseme ukweli, anaanza kuwaza mke mdogo. Kwa mwanamke ambaye tangu ujana ameambiwa thamani yake ni kuzaa, kukoma kwa hedhi kunakuja kama barua ya kustaafishwa. Kwa aliyekuwa bado anatafuta mtoto ni msiba kabisa, na hakuna anayekuja kumpa pole.

Si kila uchovu ni sonona

Kabla ya kukubali jibu lolote, omba vipimo. Damu kupungua, jambo la kawaida kwa anayetokwa na hedhi nyingi, inaleta uchovu na moyo kwenda mbio. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango inaleta huzuni, uzito na usingizi mwingi. Kisukari na presha navyo vinaanza umri huu.

Na mimba. Ndiyo, mimba. Hedhi kuruka miezi miwili si kinga, mtu anaweza kushika mimba katika kipindi hiki. Ushauri wa wataalamu ni kuendelea na uzazi wa mpango mpaka miaka miwili ipite bila hedhi kama uko chini ya 50, au mwaka mmoja kama umevuka 50.

Kitu kimoja usikicheleweshe. Ukishamaliza miezi 12 bila hedhi halafu damu ikatokea, hata matone, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa kitu kidogo, lakini inaweza pia kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi, na hii ya pili ni kati ya saratani zinazoua sana wanawake Tanzania.

Uende wapi?

Anza karibu. Zahanati au kituo cha afya cha kata yako, au Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Wa mkoa wa Pwani rufaa ni Tumbi, Kibaha. Kwa wanaoishi Bunju, Boko na Tegeta, Mwananyamala ni rahisi zaidi. Juu ya hapo kuna Muhimbili, ambayo ina idara ya afya ya akili.

Najua neno "afya ya akili" linatisha. Mtu anasikia Mirembe. Ile hospitali ya Dodoma imegeuzwa utani wa mtaani kwa miaka mingi mpaka mama wa watu anaona bora afe kuliko kuonekana kwenye foleni hiyo. Lakini sonona nyingi zinatibiwa kwa kwenda na kurudi nyumbani, hakuna kulazwa wala kufungiwa.

Ukishindwa kusafiri, piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Ni bure.

Ukiingia kwa daktari, usianze na kichwa. Sema hivi: "Hedhi yangu imebadilika tangu mwezi fulani, na tangu hapo moyo wangu hauko sawa." Sentensi hiyo moja inaokoa safari tatu. Shangazi yangu alikwenda mara ya kwanza kwenye kituo kimoja, ambacho sitakitaja, akasema kichwa na miguu, akapewa dawa za maumivu na kuambiwa apunguze mawazo. Apunguze vipi, hakuambiwa.

Matibabu yakoje?

Kwa sonona ya kiasi, mazungumzo yenye utaratibu na mtu aliyefunzwa yanasaidia sana. Si nasaha za "mwachie Mungu". Ni vikao kadhaa vya kuchambua tatizo moja moja na kupanga hatua ndogo.

Mfano mzuri uko Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafunza bibi wa mtaani, wakae kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wagonjwa. Wenyewe Washona tatizo wanaliita kufungisisa, maana yake kuwaza sana. Umelisikia hilo? Neno lilelile la mama wa Kaole. Utafiti wao uliohusisha watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache mno kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Mimi nikifikiria makungwi wa Bagamoyo na benchi chini ya mwembe, naona sehemu kubwa ya kazi tayari imefanyika.

Sonona ikiwa nzito, dawa zinahitajika. Hapa nchini zinazotumika sana ni fluoksetini na amitriptilini. Hazilewi kama watu wanavyodhani, wala si za kumfanya mtu teja. Ila zinachelewa: wiki mbili hadi nne ndipo unaanza kuona nafuu, na wengi wanaziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi. Ukipata nafuu pia usiziache ghafla, daktari atakupunguzia taratibu.

Na homoni je? Zinasaidia sana kwa joto la ghafla na jasho la usiku, na usingizi ukirudi moyo nao unatulia. Sifa yake iliharibika mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa baada ya kuonekana kuongeza saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Baadaye ikaeleweka kwamba wanawake wa utafiti ule walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi walishavuka zamani. Kwa aliye chini ya 60 na mwenye dalili kali, asiye na historia ya saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, mizani iko tofauti. Hilo ni la kuongea na bingwa wa magonjwa ya wanawake. Usinunue dukani kwa kuelekezwa na rafiki, kwa sababu mwenye kizazi akitumia estrojeni peke yake anaongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba.

Kutembea pwani jioni, kupunguza kahawa usiku, kulala chumba chenye hewa, vyote vinasaidia. Lakini mtu ambaye hawezi kunyanyuka kitandani usimwambie akakimbie ufukweni.

Kwa waume na watoto

Ukavu ukeni ni sehemu ya mabadiliko haya, na tendo linauma. Mke anakwepa, mume anadhani kuna mtu nje. Ndoa ngapi zimevunjika hapo? Kuna vilainishi vya maji na dawa za kupaka, daktari anavijua. Kwanza uliza, bila kelele.

Watoto mnaosoma hapa mkiwa kwenye daladala: mpigie mama. Usimuulize "hujambo", atasema hajambo. Muulize analala saa ngapi na anaamka saa ngapi.

Akisema afadhali afe, akianza kugawa vitu vyake au kuaga aga, lichukulie ni dharura kama kuungua moto. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za panya, za shambani na vidonge vya ndani. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Kumuuliza wazi kama ana mawazo ya kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua.

Shangazi alipata dawa na vikao baada ya safari ya tatu, hospitali nyingine, kwa nesi ambaye naye alikuwa kwenye umri uleule. Ilichukua miezi. Hakurudi mnadani, anasema makelele hayawezi tena. Anakaanga nyumbani, mjukuu anapeleka. Juzi alinipigia kuuliza kama naandika hii makala, na akaniambia nisisahau kuweka lile la jasho, maana kuna wanawake wananunua feni ya pili.